Bega la Baba na Majani ya Migomba

Kwenye ukuta wa jiko letu kule Muthara kuna alama za mkaa. Zinaanza chini, usawa wa kiuno, zinapanda mistari midogo midogo mpaka karibu na msumari ambao baba hutundikia koti lake. Mgeni akiingia hudhani ni watoto wa nyumba hii walikuwa wanapimwa urefu. Siyo. Zile ni alama za bega la baba, na mimi ndiye niliyekuwa nazichora.

Baba alikuwa polisi wa akiba. Kwetu, upande ule unaotelemka kuelekea nyika kavu za Isiolo, hilo si jambo geni. Mkulima wa kawaida anapewa bunduki ya serikali alinde ng'ombe wa kijiji, halafu kesho yake anaendelea kupalilia maharagwe kama kila mtu. Baba alianza kuibeba kabla sijazaliwa. Ilikuwa bunduki ndefu ya zamani, ya kukoki kwa mkono kila risasi, na kitako chake cha mbao kilikuwa kimelainika kwa jasho lake mwenyewe. Kitako hicho kilikaa bega la kulia, mahali pamoja tu, mwaka baada ya mwaka, na kila bunduki ikilia ilipiga teke.

"Ni kama punda," baba alikuwa akisema. "Lakini huyu punda tumezoeana."

Basi mwaka ule bega likagoma. Kwanza alishindwa kuvaa koti bila kuuma meno. Kisha nikaona hapandishi tena kikombe mdomoni. Ni mdomo uliokuwa unateremka kufuata kikombe mezani. Mama yangu ni wa Embu, na hana subira na mtu anayeficha ugonjwa.

"Mzee, unakunywa chai kama ndama."

"Chai ni moto."

"Hiyo moto imeingia mpaka kwa bega?"

Baba akakiinamia kikombe tena. Sisi wote tulijua kwa nini anaficha. Kila mwaka polisi wa akiba walipimwa shabaha: risasi tano, upate angalau tatu. Ukishindwa, bunduki inachukuliwa papo hapo, mbele ya watu, anapewa mwingine. Mwaka uliotangulia baba alimwona mwenzake akinyang'anywa hivyo, mzee wa heshima, akarudi nyumbani mikono inaning'inia kama hajui ni ya nini. Baba alituambia habari hiyo mara moja tu, akiangalia moto. "Mimi sitaki kutolewa bunduki mkononi kama mtoto anayetolewa kisu," alisema. Na kipimo kilikuwa kimebaki miezi mitatu.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili na nilikuwa nauza majani ya migomba sokoni Kangeta. Asiyejua huko kwetu atauliza nani ananunua majani. Wananunua watu wa miraa. Miraa ikishachumwa inafungwa vibunda, na vibunda vinafunikwa kwa jani bichi la mgomba ili visikauke mpaka vifike Nairobi. Nilikuwa na vidole vyepesi na kichwa kimejaa ndoto. Nikikunja jani nilikuwa naona kitambaa, nikiona kitambaa naona gauni, nikiona gauni naona duka langu lina kioo mbele na jina limeandikwa kwa rangi nyekundu. Wateja walikuwa wakinigutua, "Wewe msichana, uko hapa ama umesafiri?"

Mimi ndiye niliyempeleka baba hospitalini Meru mjini. Tulipata daktari wa mazoezi ya viungo, msichana ambaye hakunizidi umri sana. Akamshika mkono polepole, akauinua kidogo, baba akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mzee, kano za hapa ndani zimechakaa," akasema. "Unafanya kazi gani?"

"Mkulima."

"Baba," nikamwambia.

"Mkulima na bunduki," akaongeza.

Daktari hakucheka. Akasema apumzike wiki sita bila kufyatua hata risasi moja, afanye mazoezi kila siku, na kama ni lazima apige bunduki, basi ajifunze kwa bega la kushoto.

"Kushoto?" Baba akamwangalia kama ameambiwa atembee kwa mikono. "Daktari, mimi kwa kushoto hata jembe silijui."

"Utajifunza, guka."

Kuitwa guka, yaani babu, na msichana mrembo vile, ndiko kulikomuuma kuliko bega. Njia nzima ya kurudi alitazama nje ya dirisha.

Lakini asubuhi iliyofuata alikuwa jikoni kabla yangu. Nayakumbuka yale mazoezi vizuri kuliko sala zangu. Kwanza anainama, mkono wa kushoto umeshika meza, wa kulia unaning'inia na jagi lenye maji nusu, analizungusha taratibu kama mtu anayetafuta kitu kisimani. Kisha anavuta kipande cha tyubu ya baiskeli tulichofunga kwenye bawaba ya mlango. Mwisho anasimama mbele ya ukuta na vidole vya mkono wa kulia vinapanda kama buibui, kimoja kimoja, mpaka pale maumivu yanaposema basi. Hapo ananiita.

"Mama! Chora."

Baba huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza. Nachukua mkaa, nachora mstari chini ya kidole chake kirefu, halafu nabeba majani yangu naenda Kangeta. Alikuwa amejiwekea shabaha yake: afike kwenye msumari wa koti. Msumari huo aliupigilia mwenyewe akiwa kijana, juu kabisa, ili sisi watoto tusifikie mifuko yake.

Sasa nieleze kosa langu.

Wiki tatu tu zilikuwa zimepita, alama zimepanda mpaka usawa wa kifua, baba akasikia kuna siku ya mazoezi ya shabaha. Akasema ataenda, apige risasi tatu tu, kwa bega la kulia, kuonja. Mama akakataa. Mimi, kwa huruma yangu ya kijinga, nikamtengenezea mto wa bega. Nilichukua nyuzi kavu za mgomba, nikazikunja vizuri, nikazifunika kwa jani bichi changa, lile laini linalotafutwa sana sokoni, nikafunga kwa kamba kama ninavyofunga kibunda. Kwa akili yangu niliona hivi: kama jani bichi linatunza miraa safari yote hiyo, litashindwaje kutunza bega la baba? Akauvaa juu ya shati, ukamkaa. "Baridi tamu," akasema. Nikaenda sokoni nikiimba.

Mchana nilimkuta amerudishwa kwa pikipiki na rafiki yake wa miguu mirefu, polisi wa akiba kama yeye.

"Mama wa hapa!" rafiki akamwita mama. "Tumeleta mzigo. Ulifungwa vizuri sana, lakini umeharibikia njiani."

"Wacha mchezo. Kumeendaje?"

"Ya kwanza, sawa. Ya pili, jani likapasuka likatoa maji. Ya tatu, kitako kikateleza kama sabuni, kikampata hapa." Akagusa mtulinga wake. "Vijana wamecheka mpaka wakalala chini. Mmoja ameuliza hilo bega ni la soko la Nairobi ama ni la hapa hapa."

Mama hakucheka, na mimi nilikimbilia nyuma ya jiko. Nililia hasa, kile kilio cha kukosa pumzi, maana niliona bunduki ishachukuliwa na baba amesimama mbele ya watu, na ni mkono wangu uliofunga ile kamba. Baada ya muda nikasikia miguu yake.

"Mama, nani amekufa?"

"Nimekuumiza."

"Ile risasi ya kwanza sikusikia kitu. Ukweli. Ulifunga vizuri." Akaketi juu ya gogo, mkono ameufumbata kifuani. "Umekosea kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Bega langu haliendi Nairobi. Hata likikauka kidogo ni sawa."

Nikacheka na makamasi. Akacheka pia, akashika bega, akaugua, akacheka tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nishonee kitu kikavu. Na ukishone cha kushoto."

Kesho yake vidole havikupita kiuno. Alama ilirudi chini kabisa. Ndiyo maana ukutani kuna ngazi mbili za mkaa, moja pembeni ya nyingine.

Niliomba cherehani ya jirani. Nikakata blanketi kuukuu, nikalipanga tabaka nne, nikalifunika kwa kipande cha jinzi ili kitako kisiteleze, nikalishona ndani ya shati lake la kazi, upande wa kushoto. Nilifumua mara tatu. Mara ya nne mama akaligeuza geuza shati mikononi, akasema, "Hii hata fundi wa Embu mjini angekubali," na kwa mama hiyo ni sherehe.

Lakini shida ya kushoto haikuwa bega peke yake. Ilikuwa jicho. Maisha yake yote baba alilenga kwa kufunga jicho la kushoto. Sasa ilibidi afunge la kulia, na jicho hilo halikuwahi kufungwa peke yake. Likifungwa, yote mawili yanafunga na mdomo unapinda. Ikabidi alifundishe. Alifanya mazoezi akikamua ng'ombe, akila, akisubiri mvua. Akafanya na kanisani. Jumapili moja baada ya ibada, mwenyekiti wa kina mama akamvuta mama pembeni, lakini si pembeni vya kutosha, nikasikia.

"Dada, usikasirike. Mzee wako amenikonyeza tangu somo la kwanza."

"Usijali," mama akasema, anafunga kitambaa chake vizuri. "Anatafuta shabaha."

Na mkono wa kulia haukuweza tena kushikilia uzito wa mbele wa bunduki, basi akajifunza kulala kifudifudi na kuegemeza bunduki juu ya kifuko cha mchanga, ili mkono wa kulia ubaki na kazi moja tu ya kukoki, chini chini, bila kuinuka. Alilala hivyo uani kila jioni bila risasi, kuku wakimzunguka. Anakoki, anafyatua hewa, anakoki. Ile sauti, tak-tak, hata leo nikiisikia kwenye bawaba ya mlango fulani mjini nageuka nyuma.

Siku ya kipimo nilikwenda na chupa ya chai. Sisi wa kutazama tulizuiwa nyuma ya kamba. Vijana walipiga kwanza, kwa kelele na madoido. Baba akaitwa. Akalala chini, akapanga kifuko chake, akaweka kitako kushoto. Nikasikia mtu nyuma yangu, "Huyu si ni yule mzee wa majani?" na kicheko. Nikaishika chupa ya chai kama nimeshika bega lenyewe.

Ya kwanza, hewa. Ya pili, hewa. Zikabaki tatu, na zote zilikuwa lazima ziingie. Nilimwona akitoa uso kwenye bunduki, akifunga na kufungua jicho la kulia mara kadhaa, vile vile kama kanisani. Hakuna aliyecheka tena. Ya tatu ikaingia. Ya nne ikaingia. Kwa ya tano alikaa muda mrefu hata nikadhani amesinzia. Ikalia. Mtu wa kuangalia shabaha akainua bendera.

Rafiki yake wa miguu mirefu aliruka. Mimi niliruka, chai ikamwagika. Baba aliinuka polepole, akapangusa mavumbi magotini, akatoa kile kipande cha chuma cha kukoki, akaenda mpaka meza ya afisa na kuiweka bunduki juu yake.

"Mzee, umepita," afisa akamwambia. "Beba uende nayo."

"Najua nimepita. Ndiyo naileta."

"Sielewi."

"Wapeni vijana. Kijana wa jirani yangu hapo ana mabega mawili mazima." Akamwonyesha kwa kidevu. "Nilitaka niilete mwenyewe tu."

Afisa alimwangalia, akavua kofia yake, akampa mkono. Baba akampa wa kushoto, kwa maana wa kulia ulikuwa umechoka. Kisha akaja kwenye kamba na kuniuliza chai iko wapi.

Miaka imepita kidogo. Siku hizi niko Meru mjini, nina cherehani kwenye baraza ya duka la mtu. La kioo na rangi nyekundu bado naliota, na sijaacha. Nikirudi Muthara, harufu ya jani bichi na moshi wa jikoni inanirudisha kwa zile asubuhi, na ningetoa vingi nisikie tena jagi lile likizunguka. Nilifikiri bunduki ikiondoka na mazoezi yataondoka. Hayakuondoka. Baba aliendelea peke yake, akajichorea mwenyewe, ndiyo sababu mistari ya juu imepinda.

Mwezi uliopita nilimkuta ametoka shambani, mvua imemlowesha. Akavua koti mlangoni huku akinisalimia, akaniuliza habari za mjini, akainua mkono wa kulia na kulitundika koti kwenye msumari. Hakuangalia hata. Mimi niliangalia. Mkono ulifika pale, ukakaa kidogo, ukashuka bila kuugua.

"Baba!"

"Nini?"

Nikaokota mkaa jikoni. Akageuka, akaona msumari, akaona mkono wake, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, jicho la kulia likajifunga lenyewe.

"Basi chora, mama," akasema. "Halafu ulete chai."