Dosie ya Tanuri

Kazi ya transiti, ya kupitisha mizigo ya watu forodhani, niliisomea Goma, mtaa wa Mapendo, katika darasa la mbao lililojengwa juu ya mawe meusi ya volkano, na mpaka leo sijawahi kuiona bahari. Jambo hilo halikumsumbua mwalimu wetu hata kidogo. Siku ya kwanza alichora ubaoni mstari mmoja mrefu kutoka bandari ya Mombasa hadi mpakani kwetu, akatia nukta kila mahali ambapo konteneri husimama, kisha akafuta mstari wote na kutuambia tuutaje kwa kichwa, mji kwa mji. Nilikuwa peke yangu niliyefika mwisho bila kukosea. Alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Huyu binti wa mama wa vitenge, mumuangalie vizuri. Atatupita siye wote."

Ndiyo, mama yangu aliuza vitenge katika soko la Birere. Alihamia Goma akitoka Butembo kabla mimi sijazaliwa. Soko alilijua kama jikoni mwake, lakini kila mzigo wake ulipokwama mpakani alirudi nyumbani amenyamaza. Watu wa biro, ofisi za forodha, walikuwa wamemzungusha kwa Kifaransa, wamemwonyesha karatasi, naye ameitikia "ndiyo" kwa mambo asiyoyaelewa. Nilipopata diploma ya sekondari hakunishauri niwe muuguzi wala mwalimu kama mama wengine walivyowashauri binti zao. "Nenda ukae upande ule wa meza," aliniambia. "Ukishajua wanachosema, utakuja kuniambia."

Mwalimu wetu alikuwa muzee mwembamba, mwenye koti moja la kijivu. Alikuwa akideklare bidhaa za watu duane, yaani kuziandikisha forodhani, tangu ujana wake. Nilimpenda kama watu wanavyompenda mjomba msomi. Alitufundisha kusoma hati ya shehena, kutambua bidhaa inaangukia kundi gani la ushuru, kujua ni siku ngapi mzigo unaruhusiwa kulala katika depo ya forodha kabla serikali haijauhesabu kuwa umetelekezwa na kuupeleka mnadani. Zaidi ya yote alitufundisha adabu ya kazi. "Dosie ni ya mteja," alisema juu ya faili la karatasi za kila mzigo. "Akitaka kuichukua leo na kuipeleka kwa mwingine, unampatia. Hata kama umekasirika naye." Niliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mistari miwili.

Mwaka wa tatu ni yeye aliyenitafutia staji, nafasi ya mazoezi ya kazi. Wenzangu walizunguka mji wakibeba barua za kuomba nafasi, mimi nikapelekwa na mwalimu mwenyewe mpaka mlangoni mwa ajansi moja ya transiti si mbali na mpaka. Patroni, mwenye ajansi hiyo, alikuwa mwanafunzi wa zamani wa mwalimu. Waliitana kwa utani, wakacheka, patroni akanipa kiti karibu na mlango. Kazi yangu ilikuwa kupokea wateja, kupanga dosie, na kuwaambia watu dosie zao zimefika wapi. Ni patroni na mdeklare wake mmoja tu waliokuwa na namba ya siri ya kuingilia kompyuta ya duane.

Wiki ya kwanza niliona fahari isiyo na kipimo. Nilivaa sketi nyeusi, nilijibu simu kwa Kifaransa, na nilipowaona wanawake wa soko wakiingia kwa woga niliwakaribisha kwa Kiswahili cha kwetu ili mabega yao yashuke.

Mmoja wao alikuwa mama wa Munigi, kijiji kilicho juu kidogo ya mji. Alikuwa mkulima wa maharagwe huko Kalengera, vita ikamtoa, akafika Munigi na watoto wanne na kuanza upya. Yeye na wanawake wengine sita waliokimbia naye walikuwa wanapika mandazi na kuyauza kando ya barabara, mpaka dada yake aliyeko Ulaya akawanunulia tanuri la mikate na mashine ya kukanda unga. Vitu hivyo vilikuwa vimefika katika depo ya forodha ndani ya kreti mbili. Aliniambia yote hayo siku ya kwanza, kabla sijamuuliza jina.

"Nyumba ya kuliwekea tumeshajenga," alisema. "Mbao, lakini upande wa tanuri tumeweka matofali. Bomba la moshi tayari. Inabaki tanuri lenyewe."

Alikuja kila Jumanne, kwa miguu, kutoka Munigi. Kila mara alileta kitu kwenye kitambaa: ndizi, mahindi ya kuchoma, siku moja maparachichi matatu. Aliniita mutoto wangu. Kila mara patroni alinipungia mkono kutoka nyuma ya kioo cha ofisi yake, nami nikamwambia mama yule, "Bado, mama. Kuna karatasi moja tunaingojea kutoka Kinshasa."

Nilikuwa ninaamini. Ndivyo nilivyoambiwa.

Wiki ya tano patroni alinituma nipange kabati. Dosie ya tanuri nikaikuta chini kabisa, chini ya makatalogi ya zamani. Niliifungua kwa sababu nilimpenda yule mama, nilitaka kujua karatasi gani inakosekana ili niweze kumweleza vizuri. Hakuna iliyokosekana. Hati ya shehena ilikuwepo, ankara ilikuwepo, leseni ya kuingiza mzigo ilikuwepo na muhuri wake tangu miezi miwili. Hata ada ya ajansi alikuwa amekwisha lipa yote. Kilichobaki kilikuwa kuiingiza deklarasyo ya mzigo katika kompyuta ya duane, kazi ya nusu saa.

Nilitazama tarehe ya kreti kuingia depo. Nilihesabu siku kwa vidole, kama mtoto, halafu nikahesabu tena. Zilibaki siku kumi na mbili.

Niliipeleka dosie kwa patroni kwa mikono miwili, nikidhani kweli kwamba imesahauliwa. Hakukasirika. Aliichukua, akaiweka ndani ya droo yake, akafunga kwa ufunguo.

"Wewe uko hapa kujifunza," alisema. "Jifunze."

Jumapili ile, baada ya misa, nilikwenda nyumbani kwa mwalimu. Alikuwa amekaa sebuleni na koti lake, hata nyumbani, akinywa chai. Nilimweleza yote: dosie kamili, droo, siku zilizobaki. Nilikuwa na hakika atasimama, avae viatu, twende pamoja. Alikoroga chai.

"Staji yako inaisha lini?"

"Baada ya wiki tatu, papa."

"Na ripoti yako, ni nani anaisaini?"

Alijua nani anaisaini.

"Binti yangu," alisema, "yule mama atapata tanuri lingine. Watu wa Ulaya watamtumia. Wewe ukikosa saini utarudia mwaka mzima, na mama yako anauza vitenge kwenye mvua. Fikiri vizuri."

"Lakini ni wewe ulitufundisha dosie ni ya mteja."

"Na yeye nilimfundisha," alisema, akimaanisha patroni. Alisema bila aibu, bila kiburi pia. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikanywa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo kuliko mengine mengi: nilikaa, nikanywa chai yake, nikamshukuru.

Jumanne iliyofuata yule mama alikuja mapema. Hakuwa na kitambaa. Alivuta kiti karibu yangu, akainama, akasema kwa sauti ya chini.

"Mutoto wangu, niambie kweli. Wenzangu wanasema mimi na dada yangu tumekula tanuri yao. Kuna kitu kinafichwa?"

Nyuma ya kioo patroni alikuwa anaongea kwenye simu, uso wake umeelekea kwetu. Maneno niliyopaswa kusema yalikuwa machache. Omba dosie yako sasa hivi, uipeleke ajansi nyingine, bado kuna siku. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilifikiria saini, nilifikiria mama yangu akiwaambia majirani kwamba namaliza mwaka wa mwisho kwa heshima.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni Kinshasa tu wanachelewesha. Vumilia kidogo."

Alinishika mkono. Akasema Mungu anibariki. Akatoka.

Siku zile zilipokwisha, mnada ulifanyika Alhamisi asubuhi. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa depo, kwa Kifaransa, katikati ya matangazo mengine. Tanuri alilinunua shemeji wa patroni. Siku ile ile tanuri lilipita mbele ya biro yetu juu ya lori dogo, kreti zake hazijafunguliwa, na mdeklare aliinuka kwenye kiti ili alitazame vizuri.

Mama wa Munigi alisikia baada ya siku tatu. Alikuja na wenzake wawili. Nilitegemea vilio, kelele, watu kujaa mlangoni. Patroni alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma. Nilibaki mimi.

"Ulijua?" aliniuliza.

Nilitazama meza.

"Nakuuliza, mademoiselle. Ulijua?"

Hakuniita mutoto wake. Wenzake walikuwa wananitazama viatu, sketi, kalamu. Nilisema patroni hayupo, warudi kesho. Ni hayo tu niliyoweza kusema. Mmoja wa wenzake alitema mate kwenye kizingiti, wakaondoka, na mimi nikachukua kitambaa nikapangusa, kwa sababu kusafisha biro kulikuwa kazi yangu pia.

Ripoti yangu ilisainiwa. Patroni aliandika kwa mkono wake kwamba nina busara na ninatunza siri za kazi. Siku ya kutetea kazi yetu ya mwisho nilizungumza juu ya haki za mteja katika transiti. Mwalimu alikuwa kwenye meza ya majaji. Aliniuliza maswali mawili, nikayajibu vizuri, akanipa pointi za juu. Mama alipika kuku wawili. Wanawake wa Birere walicheza nyumbani kwetu mpaka viti vikavunjika, nami nilicheza nao.

Halafu vita iliingia mjini. Sitaieleza, kila mtu wa Goma ana yake. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa, watu wa duane tuliowajua wakatawanyika na watu wapya wakakaa kwenye viti vyao. Patroni alivuka mpaka na familia yake. Diploma yangu ilipaswa kupelekwa Kinshasa ithibitishwe, na hakuna aliyejua itapita njia gani. Ajansi zilizofungua tena hazikutaka mtu mpya.

Baada ya miezi kadhaa mlinzi wa ajansi yetu alinipigia simu. Mwenye nyumba alikuwa anatoa vitu nje, kama kuna changu nije nichukue. Nilikuta kabati limelazwa uani, droo zimevunjwa, dosie zimelowa mvua. Ya tanuri, iliyolaliwa na nyingine, ilikuwa kavu. Niliichukua, nikakaa nayo nyumbani wiki mbili, kisha nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Munigi.

Nilimkuta kando ya barabara, kwenye karai la mandazi. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya mbao yenye bomba la moshi. Familia nyingine ilikuwa inaishi ndani, nguo zimeanikwa kwenye matofali ya pale ambapo tanuri lingekaa. Alinitambua mara moja. Aliendelea kugeuza mandazi.

Nilimwambia yote, nimesimama, kwa haraka. Kabati. Siku kumi na mbili. Droo. Nilimwambia ningeweza kusema na sikusema, kwa sababu ya saini. Nikamnyooshea dosie. "Kila karatasi imo, mama. Inaonyesha wazi kwamba walikuibia. Unaweza kushitaki."

Alipangusa mikono kwenye kitenge, akaichukua, akaifungua. Alitazama picha ya tanuri iliyokuwa kwenye ankara.

"Nishitaki wapi?" aliuliza.

Miaka mitatu nilisoma ni ofisi gani inapokea malalamiko gani, kwa fomu gani, kwa muda gani. Patroni alikuwa nchi nyingine. Ofisi ile ilikuwa imefungwa. Tribinali nayo imefungwa. Sikuwa na mahali hata pamoja pa kumtajia.

"Wenzangu wanne walihama," alisema. "Walikuwa hawanisalimii. Mpaka leo wanaamini nililiuza mimi. Utakwenda kuwaambia?"

"Wako wapi, mama?"

"Sijui. Vita ilipoingia kila mtu alishika njia yake." Alifunga dosie. "Sasa wewe umekuya kusema. Umesema. Umepumzika?"

Mtu mmoja aliyekuwa anasukuma chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, lenye makaa alisimama, akaomba mandazi manne. Alimhudumia, akampa na karanga kidogo za nyongeza, labda kama kawaida yake, wakaulizana habari za nyumbani. Chukudu likaendelea kuteremka. Alinirudishia dosie.

"Beba," alisema. "Hapa mvua itailowesha."

"Mama, nisamehe."

"Nina kazi," alisema, akaongeza unga kwenye beseni na kuanza kukanda kwa mikono, mabega yake yakipanda na kushuka. Nilisubiri mpaka nikaanza kuwazuia wateja. Kisha nikateremka kwa miguu kuelekea mjini, kwa sababu motari aliyenileta alikuwa amekwenda, na hakuna mwingine aliyepita.