Mahindi ya Saa Saba Mchana

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, anakaa Sumbawanga mjini na analima kwa mdomo. Mwaka ule mvua ilikatika mahindi yakitoa mbelewele. Akaja shambani kwetu Mollo kwa bodaboda, saa saba mchana, jua la utosi, akakuta majani yamejisokota kama sigara.

Mimi nilikuwa mashineni kusaga. Angeuliza, angeambiwa. Jani la hindi lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ndivyo linavyopumulia. Udongo ukikauka na jua likiwaka, jani huvifunga na kujikunja, maji kidogo yaliyobaki yasipotee. Alfajiri, baridi ya Ufipa ikiwa bado imelala shambani, hukunjuka na kuvifungua tena. Linajibana tu, halijafa.

Hakuuliza. Kwetu, mavuno yakiisha, ng'ombe huingizwa shambani wale mabua na kuacha samadi. Basi akamwita jirani mfugaji, akamwambia shamba limekufa, alete ng'ombe. Nilirudi nikawakuta wanatafuna mahindi yangu mabichi, shemeji kasimama kivulini, mikono mifukoni.

"Shemeji, haya yalishakufa," akasema. "Angalau tupate samadi."

Niliokota bua lililokanyagwa, nikalivunja mbele ya uso wake. Maji yakanichuruzika mkononi. Akatazama pembeni.

Mahindi hufunga mchana, alfajiri yakafungua. Mimi nilimfungia mlango siku ile, na alfajiri yangu haijafika.