Mkalimani Aliyetaka Kusema Mwenyewe

Dada yangu alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka kumi na minane. Shahidi au mshtakiwa akisema, yeye anarudia kwa lugha ya hakimu, tena kwa "mimi": mimi niliiba, mimi nilimpiga mume wangu. Kwa hesabu yangu amekiri makosa mengi kuliko gereza zima.

Alipofika miaka arobaini na miwili akatangaza kwamba anataka uwakili.

"Dada," nikamwambia, "wenye alama za juu wanazunguka na bahasha, kazi hawana. Wewe alama zako za sekondari hazifiki hata getini."

"Watu wazima wanapitia usaili. Wewe nisindikize, ushauri baki nao."

Siku ya usaili nikakaa kwenye benchi nje ya chumba, mlango umeachwa wazi kwa joto. Mkuu wa chuo akauliza, "Mtu kakamatwa na baiskeli ya jirani. Anasema aliiazima. Utamtetea vipi?"

Dada, kwa mazoea, akasimama. "Mimi baiskeli niliiazima..."

Wasaili watatu wakaangua kicheko. Nikafunika uso kwa aibu. Lakini hakukaa. Akaeleza aliiazima lini, mbele ya nani, na kwamba mwizi asingeipitisha mchana mbele ya nyumba ya mwenyewe. Mkuu akasahau kuwa ni usaili.

"Sasa mbona hukuirudisha?"

"Pancha, mheshimiwa."

Wakampokea.

Akaacha kazi, akasoma, akafaulu kwa daraja la kati. Ofisi tisa za mawakili zikamwambia umri umekwenda. Nilipomwona anapiga pasi koti lile lile kila Jumatatu, roho iliniuma, maana maji alishayavulia nguo. "Ng'ombe hazeeki maini," alinijibu. Ofisi ya kumi hakuiomba, aliifungua: chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Wiki ya kwanza walikuja watu wanne, wote aliowahi kuwasemea kizimbani. "Mama huyu hapunguzi neno la mtu," wakaambizana. Benchi likajaa, wengine wakakaa kwenye ngazi.

Mwezi uliopita alitafuta msaidizi. Zilikuja barua thelathini na moja, akamchagua binti aliyeongoza darasa lake chuoni, mwenye alama ambazo dada hakuzipata hata ndotoni. Miaka miwili binti huyo alikuwa nyumbani bila kazi. Akaoneshwa meza yake, akabaki ameishika kwa mikono miwili.

"Naanza lini, bosi?"

"Keti," dada akasema. "Mteja wako yuko ngazini tangu asubuhi."