Maji Yanajisafisha

Adrien Kalombo hakuhongwa. Wanaosema hapa Likasi kwamba kiwanda kilimpa gari waseme pia limeegeshwa wapi, maana mjane wake, Émérence, huenda kufundisha kwa miguu hadi leo. Gari walilomwona nalo lilikuwa la chuo kikuu. Lilichukuliwa juma lile lile alilozikwa, makasha ya chupa yakiwa bado nyuma.

Kwa miaka kumi na moja alipima maji ya chini ya ardhi kati ya bwawa la taka la kiwanda cha kuosha shaba na mtaa ulio bondeni. Alitoboa mashimo membamba, akashusha chupa kwa kamba, akaisuuza mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kuijaza. Watu walimtania: "Docta, mayi yote hii ya kunawisha chupa? Utatumalizia kisima!" Naye alicheka nao. Visima vyenyewe vilikuwa vimefungwa kwa ushauri wake, na akina mama waliteka maji mbali.

Alichogundua ni hiki. Asidi ya kiwanda ikipita kwenye mawe ya chokaa, kama yale yanayochimbwa Kakontwe, hupoteza ukali, na shaba hunasa kwenye mawe. Kobalti, madini mengine yenye sumu, hainasi vizuri. Husafiri na maji. Uchafu ungepungua wenyewe, lakini kwa miaka arobaini, tena iwapo kiwanda kingeacha kumwaga mwingine. Wasomi huiita hali hiyo kwa Kifaransa atténuation naturelle.

Parokia ikamwomba aje aeleze. Jumapili asubuhi, akifunga viatu, alimuuliza mkewe:

"Mama Josée, atténuation naturelle, mu Kiswahili tunasemaka namna gani?"

Émérence, mwalimu wa Kifaransa, alikuwa anapiga pasi. Hakufikiri sana.

"Sema mayi inajisafisha."

"Ile neno haipite kipimo?"

"Bantu banataka neno moja, Papa Josée, hapana leçon ya shule."

Ukumbini alieleza nusu saa nzima: chokaa, kobalti, miaka arobaini, visima vibaki vimefungwa. Kisha akalisema lile neno. Mama Viviane, jirani mwenye ndoo nyingi za kujaza kila siku, akasimama.

"Papa Docta, inajisafisha sawa paka?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Polepole kupita paka, mama."

"Lakini inajisafisha?"

"Inajisafisha, ila..."

"Bon! Bamama, mulisikia!"

Jumatatu visima vilifunguliwa. Kiwanda nacho kiliandika neno hilo kwenye ubao langoni, jina la Adrien chini yake, bila ile miaka arobaini, na kikaendelea kumwaga. Kabla mvua hazijaanza, watoto wa bondeni walikuwa wanatapika. Adrien alipita nyumba kwa nyumba kusahihisha, na kila nyumba ilimjibu vilevile: "Ulisema weye mwenyewe." Mama Viviane alimfungia mlango usoni.

Hatimaye mkuu wa mtaa, mzee Georges, alimwita uwanjani mbele ya watu wote.

"Weye muntu ya masomo. Ile neno ulitoa wapi? Balikulipa?"

"Hakuna aliyenilipa," Adrien alisema. "Neno ni langu. Nilikosea."

Émérence alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake. Katika uwanja ule hapakuwa na mtu aliyejua lugha zote mbili kumzidi. Hakufungua kinywa.

Basi watu waliondoka na ile "nilikosea", na kufikia jioni ilikuwa imegeuka kuwa "nilikula". Wale wale waliocheka na paka wao ndio walioanza kulihesabia magurudumu gari lisilokuwapo. Kiwanda kiliziba kwa zege mashimo aliyopimia maji. Miaka miwili baadaye Adrien alikufa, na waliokuja kwenye kilio walinong'ona huku wakila chakula chake.

Hakula cha mtu. Hilo ndilo lililopaswa kuandikwa, na limeandikwa. Kwa nini mkewe alinyamaza siku ile ni jambo la nyumba hiyo. Halielezwi, na asije mtu kuliuliza.