Nilijua nimepata planetary nebula kumi na moja, mwalimu wa fizikia akaniomba nyota moja tu

Wakuu, mwangaluka. Hili limenipata mwenyewe hapa Bariadi, na mashahidi ni Form Three nzima.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Darasa la saba, basi. Mageti mengi ya mjini hapa ni mkono wangu. Hata darubini nimejiundia, kioo na lenzi tu ndiyo nilinunua.

Nilikuwa nawinda planetary nebula. Siyo sayari. Ni gesi inayotemwa na nyota ikizeeka, unaiona kama pete au kama moshi.

Jioni chache tu, daftari likawa na pete kumi na moja.

Mkuu wa shule jirani akasikia. Akaniahidi nikiwaonyesha wanafunzi, club ya anga kila Ijumaa naifundisha mimi.

Mimi, ubaoni. Sikulala.

Siku ikafika. Giza limeingia tu, foleni ndefu, watoto wanashangaa pete. Nikamtania mwalimu wa fizikia, kijana wa Moshi: "Degree yako imewahi kukuonyesha hii?"

Akachungulia.

"Fundi, naomba unionyeshe nyota moja ambayo siyo nebula."

Nikageuza huku, pete. Kule, pete.

Hapo ndipo nikaelewa. Bomba la lenzi ya kuchungulia lilikuwa linateleza, so mchana mmoja nilifokasi kwenye tangi la maji la jirani, nikalipiga bomba doti za welding lisicheze tena. Nyota ziko mbali mno kuliko tangi. Zote zilikuwa out of focus.

Mkuu wa shule akauliza, "Tuwarudishe watoto?"

"Nipe dakika kidogo, mkuu."

Nikashika msumeno wa chuma, nikakata doti mbele yao. Nyuma nikasikia, "Fundi anachinja darubini." Wakacheka. Nikasukuma bomba ndani kidogo.

Pete zote zikawa nukta.

Nikahamia kaskazini, natafuta nebula ya kweli, ile wanayoita Dumbbell. Foleni inaguna, mbu wanauma.

Kikapita kiwingu hafifu kwenye lenzi. Nikasogeza bomba mbele, nyuma. Hakikugeuka nukta kama nyota.

Mwalimu akaligandia jicho la darubini. "Hii ndiyo yenyewe, fundi."

Mkuu wa shule naye akachungulia. "Mbona zile za mwanzo zilikuwa nzuri zaidi?"

"Zile nilizitengeneza mimi, mkuu."

Akacheka, akaniambia Ijumaa nisichelewe.

Nilichojifunza: ukidhani umekipata kitu, kwanza jipime kwa kile unachojua sicho. Wenye darubini, nianze na nebula ipi nyingine? Na mnaotaka kunicheka, ruksa, ila mseme na nyie mmewahi kuchomelea nini.