Mkono Kichwani

Mimi ni mtu wa kushuku, na miaka ile sababu zilikuwepo. Maduka ya mtaani kwetu Majengo yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi baada ya miaka ya kupanga foleni, na wakati huohuo maofisi yakaanza kupunguza watu. Nilikuwa mpiga chapa. Kila karatasi iliyopita mezani kwangu niliisoma mara mbili nikitafuta jina langu.

Ndipo mkono wa kulia ukaanza kunisaliti. Maumivu yalitoka shingoni, yakapita begani, yakaishia kwenye kidole gumba kwa ganzi. Nikawa napiga herufi zisizotakiwa na kuangusha vikombe. Nafuu niliipata kwa namna moja tu, nikiuweka mkono ule utosini.

Kwetu mkono kichwani ni wa mfiwa. Mama yangu, mtu wa Kondoa, niliyeishi naye, hakutaka kuuona.

"Shusha mkono. Unanililia ningali hai?"

Nikawa naenda kupata nafuu yangu chooni, mlango nimeufunga, nimesimama kama mwizi.

Mkuu wetu wa ofisi aliona makosa yangu yamezidi, akanituma hospitali na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Kwa nini ifungwe? Ugonjwa wangu, shingo yangu, halafu siri iwe ya watu wawili wengine. Nilipofika mlangoni kwa daktari nilikuwa nimeshaamua kwamba siumwi chochote.

Alikuwa kijana mpole, na upole wake nao niliushuku. Aliniinamisha kichwa upande wa kulia, akaweka viganja viwili utosini, akakandamiza taratibu. Moto ukashuka mpaka kwenye gumba.

"Unasikiaje, dada?"

"Kawaida."

Akanishika kidevu na kisogo, akakivuta kichwa juu. Raha niliyoipata ilinitoa machozi, nikasingizia vumbi. Akaniambia nimbane vidole vyake viwili kwa mikono yote miwili; nikauma meno nikabana. Kisha akachukua kinyundo cha mpira, akagonga mbele ya kiwiko cha kushoto, mkono ukaruka. Akagonga cha kulia. Ukakaa kimya. Nilijaribu kuurusha mwenyewe, nikachelewa, na akaona.

"Ukilala, huo mkono unauweka wapi?"

"Ubavuni."

Akarudi mezani kuandika, akaandika kwa muda mrefu. Nilikaa nikiitazama kalamu yake, nikijaribu kubahatisha maneno kwa jinsi ilivyokwenda. Bila kuinua macho akasema, "Dada, huo mkono."

Ulikuwa utosini. Sijui uliondoka lini magotini. Niliuvuta chini haraka kama nimekamatwa.

"Uache hapohapo," akasema. "Mshipa wa fahamu umebanwa shingoni. Ukiuinua mkono hivyo, mshipa unalegea. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Nilimchukia kwa kusubiri kule. Akanipa bahasha ya kumpelekea mkuu, nayo imefungwa.

Nyumbani niliifungua kwa mvuke wa birika la chai. Iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha barua ndicho kilichokuwa kazi yangu. Hakuniongezea wala hakunipunguzia. Alisema ugonjwa ni wa kweli, kwamba shingo imeumizwa na kuinama mezani, kwamba nisipige chapa tena mpaka nguvu za mkono zirudi, na kwamba nitafutiwe kazi nyepesi. Ilikuwa barua nzuri. Na hapakuwa na kazi nyepesi ofisini kwetu, ila orodha ya watakaopunguzwa.

Nilifikiria kuitia moto jikoni. Lakini mkuu alikuwa anaisubiri, na barua isiyofika ingeshukiwa kuliko iliyofika. Mimi mwenyewe ningeishuku. Nikaibandika upya kwa uji wa ngano, nikaipeleka.

Orodha ilitoka kabla ya mwezi kwisha. Aliyeipiga chapa alikuwa mwenzangu wa meza ya jirani, na siku nzima hakunitazama usoni. Nilimaliza vilivyokuwa mezani, nikaenda nyumbani, nikamwambia mama kwa maneno machache habari ya orodha na ya daktari, kisha nikakaa kwenye kigoda uani. Uchungu ulikuwa umenijaa na shingo inawaka. Nikauweka mkono utosini mbele yake, bila kujificha, nikingoja anigombeze.

Jirani mmoja akachungulia getini, akaniona, akavuta ushungi wake vizuri. "Poleni jamani. Nani ametutoka?"

"Hakuna msiba hapa," mama akajibu. "Anaumwa shingo tu. Ndivyo daktari alivyomwambia akae."

Jirani alisimama kidogo, haamini, kisha akaenda zake. Mama akasogeza kigoda cha pili nyuma yangu, akaketi, akanishikia kiwiko kwa viganja vyake viwili ili mkono usichoke.