Nesi Aliyetolewa kwa Udi

Sipendi harufu ya udi. Kwa mtu wa Maskati kusema hivi ni sawa na kusema hapendi wali, lakini ndiyo hivyo. Nikikaribishwa kwa watu kikatolewa chetezo, hasira hunipanda, nikairudia nyumba yetu ya Al Amerat nilipokuwa na miaka tisa.

Mwaka ule Shangazi Zuwena, dada yake baba, alirudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili alikokaa tangu sijazaliwa. Madaktari walisema siku hizi mgonjwa hafungiwi, anaishi na watu wake, na nesi atakuwa akija nyumbani kumtazama. Maneno mazuri. Mama akampa chumba cha nyuma, jirani ya jiko, na watu wa mtaani akawaambia wifi yake karudi kutoka Unguja. Bibi, ambaye hata mwenye kikohozi alimwambia "mficha maradhi, kifo humuumbua," safari hii alinyamaza kimya.

Nesi akaja alasiri moja. Mama alimpokea kwa halua, tende na kahawa, kikombe juu ya kikombe.

"Zuwena yuko wapi?" nesi akauliza.

"Kalala, maskini. Hajambo kabisa, alhamdulillahi."

Akauliza tena. Hapo mama akanikonyeza, nikaenda kuleta chetezo. Si mnajua kwetu: baada ya udi hakuna kukaa. Nikamfukiza nesi mikono na mtandio kwa madaha, nikijiona mtu mzima. Akacheka, akaandika kwenye faili lake kwamba mgonjwa hajambo, akaaga. Hakurudi tena.

Nilipopita chumba cha nyuma nilimkuta shangazi kakaa kitandani, kavaa nguo yake ya kutokea, na wanja kapaka.

"Keshakwenda?" akaniuliza. "Nilikuwa nna neno naye. Hivi vidonge vinanitetemesha mikono, hata kikombe sishiki."

Nikamwambia atakuja tena. Akasubiri wiki kadhaa, kisha vidonge akaviacha mwenyewe. Kabla ya Ramadhani alirudishwa hospitali, na baba akasema nyumbani kumemshinda.

Kumemshinda! Neno hilo linanikera mpaka leo. Nawalaumu waliomtoa hospitali wakaona safari moja ya nesi yatosha, namlaumu mama na aibu yake, na mwenyewe sijisamehe. Nilidhani yule nesi ni mgeni wetu, wa kukirimiwa na kuagwa kwa adabu. Kumbe alikuwa mgeni wa shangazi, wa pekee aliyekuja kwa ajili yake, na mimi ndiye niliyemtoa.